Kisumu hadi Arafa: hija siku kwa siku, na mahali mbuzi asipolipa

Wiki tatu kabla, Kisumu

Begi halijanunuliwa na kazi tayari ipo. Deni la chama, la sako, la mkopo wa simu, la sukari ya kibandani: lililofika muda hulipwa, na ambalo muda wake bado huombewa ruhusa kwa mwenyewe au huachiwa mtu wa kulilipa. Hija imefaradhishwa mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, na uwezo huo fiqhi imeupima: nauli na matumizi ya kwenda na kurudi, pamoja na masurufu ya walioachwa nyumbani mpaka msafiri arudi. Mzee wa Mumias akiuza ng'ombe pekee wa maziwa, halafu wajukuu wakabaki wakikopa unga, huyo hajawajibikiwa bado. Angoje, wala hana dhambi. Wasia nao huandikwa sasa, mbele ya mashahidi wawili, hasa kwa mwenye shamba ambalo hati yake ingali kwa jina la marehemu baba.

Kisha chanjo. Ile ya homa ya uti wa mgongo, aina ya ACWY, ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Ya homa ya manjano nayo huanza kutambuliwa siku ya 10 baada ya sindano, na Kenya imo katika nchi ambazo watu wake huulizwa kadi yake. Anayekwenda kuchanjwa wiki ile ile ya safari ana kadi mkononi ambayo haijaanza kufanya kazi.

Mazoezi ya miguu hupuuzwa sana, na hayo ndiyo yanayoangusha watu wengi kuliko fiqhi. Anza na kilomita 3 kwa siku, ufike 8 wiki ya tatu, ukiwa umevaa patapata zile zile utakazokwenda nazo. Patapata mpya huchubua kati ya kidole gumba na cha pili siku ya kwanza, na kidonda hicho kitakwenda nawe mpaka Arafa. Watu wa Nakuru na Molo, waliozoea kulala na blanketi mbili, watembee mchana. Watu wa Kisumu wasijidai kwa sababu joto wanalijua: joto la ziwani lina unyevu, jasho unaliona likichuruzika. Makka ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hujapoteza maji.

Kabla ya kupanda gari kila mmoja awe na orodha mbili kichwani. Ya kwanza ni nguzo: kutia nia ya ihramu (kuingia rasmi katika ibada), kusimama katika uwanja wa Arafa, tawafu ya Ifadha (kuzunguka Kaaba baada ya Arafa), sai (kwenda na kurudi kati ya Safa na Marwa), na kunyoa au kupunguza nywele. Nguzo hailipwi kwa mbuzi wala kwa ngamia. Ama imefanywa ama hija haijatimia. Ya pili ni wajibu: kuhirimia kwenye mikati (mipaka ya kuanzia ihramu), kulala Muzdalifa, kurusha mawe, kulala Mina, tawafu ya kuaga. Ukiacha wajibu bila udhuru hija inasihi, nawe unadaiwa mnyama. Huu ni mpangilio wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa kwetu. Taharuki nyingi kule huzuka kwa sababu mtu amelia juu ya sunna aliyoikosa huku akiipita nguzo bila habari.

Siku ya kuondoka: Kisumu, Kericho, Nakuru, Nairobi

Kwa ndege ni chini ya saa moja. Vikundi vingi huenda kwa basi kwa sababu ya mizigo na wasindikizaji, nayo ni safari ya siku nzima: Ahero, Awasi, kupanda Kericho, Mau Summit, Salgaa, Nakuru, Naivasha.

Kupunguza swala huanza nyumba za mwisho za mji zinapoachwa nyuma. Basi likisimama Kericho, Adhuhuri huswaliwa rakaa mbili na Alasiri mbili, zikajumuishwa. Wakisimama Nakuru kuchukua wenzao, hapo mambo huchanganyika. Mtu wa Nakuru bado yuko mjini kwake, kwa hiyo imamu wa msafara akitoa salamu baada ya rakaa mbili, yeye husimama akakamilisha nne. Na msafiri wa Kisumu akiswali nyuma ya imamu wa msikiti wa Nakuru, naye anaswali nne kumfuata.

Unga wa ugali kwenye begi ni sawa. Omena si manukato yanayoharibu ihramu, ila chumba cha watu wanne Makka hakitakusamehe. Miraa na muguka, hata fungu moja lililosahaulika mfukoni, yaachwe huku: kule Saudia huhesabiwa dawa za kulevya, na kesi yake si ya faini ndogo.

Usiku wa ndege

Wanaokwenda Makka kwanza huvaa ihramu Nairobi, kabla ya kuingia ndegeni. Kucha hukatwa, huogwa, na mafuta mazuri hupakwa mwilini kabla ya nia, si kwenye nguo. Wanaume wana vipande viwili vyeupe visivyoshonwa. Cha chini hufungwa hivi: tanua miguu kidogo, zungusha kitambaa kutoka kulia kwenda kushoto kipite kitovu, kisha kile kinachobaki kikunje mara mbili kwa nje, halafu funga mkanda juu yake. Ukikifunga ukiwa umebana miguu, utashindwa kupanda ngazi za basi bila kujianika. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu hupakwa mapajani, maana mapaja yanayosuguana hutoka damu ikifika tawafu. Wanawake huvaa nguo zao za kawaida za stara, bila nikabu na bila glavu.

Kuvaa si kuhirimia. Nia ndiyo ihramu, nayo haitakiwi kupita mikati. Ndege inayotoka kusini huhesabiwa usawa wa Yalamlam, mikati ya watu wa Yemen, na wahudumu hutangaza kabla. Aliyelala tangazo likampita, akaamka Jeddah, amepita mikati bila nia: arudi kwenye mikati ahirimie huko, au adaiwe mbuzi. Dawa yake ni rahisi. Tia nia mapema, dakika 20 au 30 kabla, maana kutanguliza kunajuzu na kuchelewesha hakujuzu.

Wengi hufanya hija ya Tamattui, yaani umra (hija ndogo) kwanza, kisha kuvua, kisha hija. Hivyo nia ya usiku huu ni ya umra: "Labbayka Allahumma umratan". Mgonjwa na mwenye presha aongeze sharti lililofundishwa katika hadithi, kwamba akizuiliwa, mahali pa kuvua ihramu ni pale atakapozuiliwa. Akilazwa, anatoka kwenye ihramu bila kudaiwa kitu.

Kosa la kila mwaka ni ihramu iliyowekwa kwenye begi kubwa, na begi limekwisha kwenda tumboni mwa ndege. Kwa mtu huyo nia haicheleweshwi. Avue shati na kofia, ajitande shuka au kikoi cha mwenzake, abaki na suruali kama hana cha kujifunga, atie nia. Hadithi imemruhusu suruali asiyepata shuka.

Umra, Makka

Saa za Makka na za Kenya ni zile zile, kwa hiyo saa haibadilishwi. Pumzika kwanza, kula, kunywa maji, ndipo uende Haram, msikiti wenye Kaaba. Hakuna anayekufukuza.

Tawafu ni mizunguko 7, Kaaba ikiwa kushoto kwako, kuanzia usawa wa Hajar al-Aswad, lile jiwe jeusi. Huhitaji kuligusa, inua mkono, piga takbira, pita. Busu la jiwe hilo limegharimu watu mbavu, na kulibusu ni sunna huku kuumiza watu ni haramu. Mzunguko upite nje ya ule ukuta wa nusu duara wa Hijr Ismail, maana ni sehemu ya Kaaba. Aliyekata ndani yake mzunguko huo hauhesabiwi. Wanaume huacha wazi bega la kulia na kuchapuka hatua katika mizunguko 3 ya kwanza kama kuna nafasi. Chini karibu na Kaaba mzunguko ni mfupi. Ghorofa za juu mmoja unaweza kukaribia kilomita nzima. Mwenye magoti mabovu alijue hilo kabla ya kupanda ngazi za umeme kukimbia msongamano.

"Ustadhi, nimechanganyikiwa, sijui ni wa tano au wa sita."

"Chukua wa tano, mzee. Ongeza."

Kanuni ndiyo hiyo kwenye tawafu, sai na mawe: ukitia shaka, shika idadi ndogo. Uzi wenye shanga 7 mkononi humaliza shida yote.

Suala la udhu huwatesa Mashafii kuliko wote, kwa kuwa kwao ngozi ya mwanamume na ya mwanamke asiye maharimu zikigusana udhu huvunjika, na katika umati ule hazikosi kugusana. Wanavyuoni wetu wengi huwaelekeza mahujaji wachukue hapa kauli ya madhehebu yasiyovunja udhu kwa mguso. Mwulize sheikh wa kikundi mngali Kisumu, msije mkagombana mkiwa katikati ya mzunguko.

Baadaye ni rakaa mbili nyuma ya Maqamu Ibrahimu, au popote msikitini palipo na nafasi, maji ya Zamzam, halafu sai: kutoka Safa kwenda Marwa ni moja, kurudi ni mbili, mpaka ya 7 inaishia Marwa. Ukijikuta umemalizia Safa, umekosea hesabu. Zote saba ni kama kilomita 3. Mwisho nywele: mwanamke hukata kiasi cha ncha ya kidole. Mwanamume wa Tamattui afadhali apunguze tu sasa, abakize cha kunyoa siku ya Idi.

Siku za kungoja

Hapa ndipo watu hujichosha bure, umra ya pili, ya tatu, soko usiku. Hifadhi miguu. Joto ukalichukulie kwa uzito: mwaka 2024 kipimo cha Haram kilifika nyuzi 51.8, na mahujaji zaidi ya 1,300 walikufa, zaidi ya asilimia 80 yao wakiwa hawana kibali rasmi, kwa hiyo hawakuwa na hema wala basi lenye kipoza hewa. Kadi ya Nusuk, kitambulisho rasmi cha hujaji, isitoke shingoni.

Kwa watu wa magharibi mwa Kenya kuna jambo ambalo vitabu vya hija vilivyoandikwa kwingine havina. Mbu wa Kisumu, Siaya au Busia aliyekuuma usiku wa kuamkia safari anaweza kukutia homa ukiwa Makka, wiki moja au mbili baadaye. Daktari wa kule ataona joto na kikohozi, akuandikie dawa ya mafua. Mwambie waziwazi unatoka eneo la malaria, upimwe damu.

Mwezi 8 Mfungo Tatu (Dhulhija), Mina

Asubuhi huogwa, ihramu huvaliwa tena pale pale hotelini, na nia sasa ni ya hija. Mina huswaliwa Adhuhuri, Alasiri, Magharibi, Isha na Alfajiri ya kesho, kila moja kwa wakati wake, za rakaa nne zikiwa mbili. Siku yote hii ni sunna. Basi likikwama ukaikosa, hudaiwi chochote.

Piga picha ya namba ya hema, ya mtaa, na ya nguzo iliyo karibu. Mahema yote ni meupe na yote yanafanana. Yalijengwa ya kitambaa kisichoshika moto baada ya moto mkubwa wa 1997. Mzee aliyetoka kwenda chooni bila kadi na bila patapata hutafutwa mpaka usiku.

Mwanamke aliyefika Makka akiwa na hedhi, na siku hii ikamkuta hajatufu ya umra, asivue ihramu wala asilie. Anaingiza nia ya hija juu ya umra, inakuwa Qirani, kama ilivyomfika Bibi Aisha katika hija ya kuaga. Anafanya kila kitu isipokuwa tawafu.

Mwezi 9, Arafa

Hii ndiyo siku isiyo na mbuzi. Mtume amesema hija ni Arafa. Wakati wake unaanza jua linapopinduka, yapata saa sita na dakika 20 mchana, mpaka Alfajiri ya mwezi 10. Aliyekuwa ndani ya mipaka yake hata dakika chache katika muda huo, amesimama au amekaa, macho au usingizini, ameipata nguzo. Aliyekosa kabisa, hija ya mwaka huo imempita: atoke kwa matendo ya umra, alipe baadaye, na achinje.

Kwa hiyo swali la kwanza ukishuka ni: hapa ni Arafa? Mabango makubwa ya rangi ya manjano yanaonyesha mpaka. Bonde la Urana liko nje, na sehemu ya mbele ya msikiti wa Namira imo katika bonde hilo. Mtu anaweza kusikiliza hotuba, kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja, akabaki mle kwenye safu za mbele mpaka jua lizame akiwa hajasimama Arafa. Walioko hemani wamesalimika. Kupanda Jabal Rahma si nguzo, si wajibu, na saa nane mchana ni hatari. Kaa kivulini, elekea kibla, omba. Mwavuli unaruhusiwa, kofia ndiyo iliyokatazwa kwa mwanamume. Maji yanywewe kidogo kidogo kila nusu saa, na chumvi za ORS, zile apewazo anayeharisha, ziwe zimekorogwa tangu asubuhi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti.

Usitoke kabla jua halijazama. Wanavyuoni wengi wanamdai mnyama aliyetoka mapema. Kwa Mashafii ni sunna achinje.

Usiku wa kuamkia 10, Muzdalifa

Magharibi ya rakaa 3 na Isha ya 2 huswaliwa huku, pamoja. Mkeka, chupa ya maji, usingizi chini ya mbingu. Kwa Mashafii inatosha kuwapo kitambo katika nusu ya pili ya usiku. Hija inapoangukia Juni, nusu hiyo inafika kama saa tano na dakika 40, si saa sita, kwa kuwa usiku wa hukumu ni wa Magharibi hadi Alfajiri. Wazee, wagonjwa na wanawake huondoka baada ya hapo.

Mawe huokotwa hapa au Mina, vyote sawa. Lenye ukubwa wa punje ya harage ndilo. Likishikwa kati ya gumba na kidole cha shahada halionekani kutoka pembeni. Kuyaosha si sharti. Okota 49 kwa atakayeondoka mwezi 12, au 70 kwa atakayebaki mpaka 13, na ongeza matano ya akiba kwa yatakayokuponyoka.

Mwezi 10, Idi

Kazi nne: mawe 7 kwenye Jamra (mahali pa kurushia mawe) kubwa, kuchinja, kunyoa, tawafu ya Ifadha na sai yake. Mpangilio ni sunna. Mtume aliulizwa na waliotanguliza hili kabla ya lile, akawajibu hakuna ubaya.

Mawe hurushwa moja moja kwa takbira. Saba kwa mkupuo mmoja huhesabiwa moja. Lengo ni kuangukia ndani ya hodhi. Ule ukuta umewekwa kuwa alama tu, na jiwe likiugonga likarukia nje halikuhesabiwa. Patapata hazirushwi, ingawa kila mwaka zipo. Mgonjwa aweke wakili, na wakili arushe yake kwanza.

Mbuzi wa Tamattui si wa kosa, ni wa shukrani kwa kupata umra na hija katika safari moja. Kuponi yake inunuliwe kwenye mradi rasmi wa Adahi, si kwa kijana mwenye risiti aliyekutana nawe mlangoni mwa hoteli. Asiye na uwezo hufunga siku 10: 3 wakati wa hija na 7 akirudi kwao.

Ukifanya mawili kati ya kurusha, kunyoa na tawafu, umevua: shati, manukato, vyote halali, isipokuwa mume na mke. Hao hungoja la tatu, na sai yake. Ifadha ni nguzo, haina muda wa mwisho kwa Mashafii lakini haina badala. Mwenye hedhi angoje atoharike, na kiongozi wa kikundi aambiwe mapema ili tiketi ishughulikiwe. Bi Haji anayeona haya kulisema ndiye anayepata shida uwanjani.

Mwezi 11, 12, na wachache 13

Mawe 21 kila siku, baada ya jua kupinduka: Jamra ndogo, ya kati, kubwa, 7 kila moja kwa mpangilio huo. Dua husomwa baada ya mbili za kwanza. Kuanzia Alasiri hadi usiku pana nafasi zaidi. Usirudi kwa njia uliyojia. Daraja la sasa la ghorofa lilijengwa baada ya maafa ya 2006, na limepangwa watu waende upande mmoja tu.

Mwezi 12 anayetaka kuondoka atoke Mina kabla jua halijazama. Likimkuta hajaanza safari, analala na kurusha mengine 21 kesho. Aliyekwisha kuondoka akakwama foleni ndani ya Mina, hana neno.

Kuaga na kurudi

Tawafu ya kuaga ni tendo la mwisho Makka: mizunguko 7, rakaa mbili, basi. Aliyeaga halafu akaenda kuchagua mazulia mpaka usiku, airudie. Kununua chakula cha njiani hakuiharibu. Mwenye hedhi amesamehewa.

Zamzam huchukuliwa chupa ya lita 5 iliyofungwa rasmi uwanjani. Iliyojazwa mwenyewe ikafichwa begini hutolewa. Ukifika Kisumu, pita msikitini uswali rakaa mbili kabla ya nyumbani. Homa ikikupata wiki hizo, kapime malaria na uitaje safari yako vile vile. Kisha wageni watakuja, na kila mmoja anataka Zamzam. Mimina kwa kikombe cha kahawa: lita 5 hutosha watu 80 hivi, mradi anayemimina asiwe shangazi mkarimu.